Karafuu kando, makonyo kando

Pemba, kuchambua ni kazi ya mikono: karafuu kando, makonyo (vijiti vyake) kando, ndipo zianikwe. Anayeanika vyote pamoja hushushiwa daraja akifika kituo cha kuuzia karafuu. Wachambuzi wetu wa siasa redioni na kwenye televisheni huanika na makonyo yake, na hakuna wa kuwapima.

Sikiliza wanavyoieleza Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya Zanzibar, ambamo chama kilichoshinda hugawana madaraka na kilichomfuata. Viongozi wawili hawakupeana mkono mazikoni, basi saa nzima ni "ndoa imeingia mdudu". Ndoa gani? Jambo hili limo ndani ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 tangu marekebisho ya 10, baada ya wananchi kulikubali kwa asilimia 66.4 katika kura ya maoni ya Julai 31, 2010. Makamu wa Kwanza wa Rais hutoka chama kilichoshika nafasi ya pili kura za urais, kikifikisha asilimia 10. Machi 2016 CUF ilisusia uchaguzi wa marudio, Dk. Shein wa CCM akapewa asilimia 91.4; waliobaki wote kwa pamoja hawakufikisha hata 9. Kiti cha Makamu wa Kwanza kikakaa kitupu hadi 2020, ACT-Wazalendo ilipopata asilimia 19.87. Kulieleza hili hewani ni dakika mbili.

Linalokera zaidi ni ule wimbo wa "Pemba upinzani, Unguja CCM". Kweli, 1995 CUF ilizoa majimbo yote 21 ya Pemba. Lakini majimbo ya Zanzibar nzima yalikuwa 50, na katika kura za urais wa Zanzibar Maalim Seif wa CUF alipata asilimia 49.8 dhidi ya 50.2 za Dk. Salmin wa CCM. Karibu nusu ya kura zote haiwezi kutoka Pemba peke yake. Unguja CUF ilichukua majimbo 3 tu, kwa hiyo kura zake nyingi za huko zilizama katika majimbo iliyoshindwa. Ramani ya majimbo haiwaonyeshi watu hao, nayo ndiyo studio zinayoipenda. Labda kwa sababu ina rangi.

Tena mpiga kura wa Zanzibar hupewa karatasi tano. Tatu ni za ZEC, Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar: Rais wa Zanzibar, mwakilishi, diwani. Mbili za Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi: Rais wa Muungano na mbunge. Mchambuzi anayetaja "kura za Zanzibar" na kuendelea na safari akatizwe hapo hapo, mtangazaji amuulize: za karatasi ipi?