Mkoloni alitaka tupungue au tuongezeke?

Mjadala wa uzazi wa mpango haukosi mtu wa kusema: hizo ni njama za wakoloni za kutupunguza. Shaka hiyo ina mizizi. Huko Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, serikali ya walowezi iliwavuta Wazungu wahamie, na wakati huohuo wanawake Waafrika wakahimizwa kudungwa Depo-Provera, sindano inayozuia mimba kwa miezi 3. Aliyeyaona hayo ana haki ya kuhoji.

Lakini hiyo ni nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo inayoniuma. Nchini Kenya, kwa miaka mingi mkoloni hakuogopa Waafrika kuzaa sana. Aliogopa wasipozaa vya kutosha, atakosa vibarua na walipa kodi. Sheria iliyoharamisha kutoa mimba nayo ilifuata ile ya Uingereza ya 1861.

Chukua Meru, hukohuko Kenya. Msichana aliyeshika mimba kabla ya kutahiriwa alikuwa amevunja mwiko mkubwa, na mara nyingi mimba hiyo ilitolewa. Katika miaka ya 1920 na 1930 maofisa wa wilaya, kupitia mabaraza ya wenyeji, wakasukuma umri wa tohara ushuke: wasichana wakeketwe kabla ya kuvunja ungo, ili mimba zao zisiwe mwiko tena, watoto wazaliwe. Yaani utawala uliojisifu kuleta ustaarabu uliharakisha kisu kwenye mwili wa mtoto ili hesabu ya watu ipande.

Kisha 1956, Njuri Ncheke, baraza la wazee lililotambuliwa na serikali hiyohiyo, likapiga marufuku ukeketaji. Wasichana wakanunua nyembe dukani, wakakeketana wenyewe. Wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Ndani ya miaka 3 watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa, wasichana na wazazi wao wakiwemo. Mama aliyewahishwa kisu kwa amri ya serikali angeweza kabisa kumwona bintiye akitozwa faini kwa kisu hichohicho. Hakuna aliyemuuliza mama wala binti.

Ndiyo maana siwezi kuushangilia moja kwa moja uamuzi wa Zimbabwe huru wa kuipiga marufuku Depo-Provera mwaka 1981, ingawa hasira iliyouzaa naielewa. Sindano haina paketi ya kuficha chini ya godoro. Wapo wanawake walioipenda kwa sababu hiyo tu: mume hakuweza kuigundua. Marufuku hayo yaliwapokonya na hao.