Gari la Mkononi

Mama mkwe ndiye aliyeniuzisha lile gari, ingawa mwenyewe hajui mpaka leo.

Nilikwenda kumpokea stendi ya Magufuli pale Mbezi, akitokea Mbeya na kiroba cha mchele wa Kyela, ndoo ya parachichi na jogoo. Gari langu lina viti viwili tu, na buti lake likimeza begi moja limeshiba. Basi mchele, parachichi na jogoo wakapanda bajaji, mama mkwe akapanda gari. Bajaji ilitupita mapema sana kwa sababu haiogopi matuta. Jogoo akafika nyumbani kabla yetu. Mama mkwe hakusema neno njia nzima, ila alipomaliza kuvutwa kutoka kwenye kiti, mimi mkono wa kulia na mke wangu wa kushoto, alijipangusa khanga akasema: "Asante mwanangu. Ila mbona tumekaa chini vile kama tuko msibani?"

Usiku ule mke wangu hakunigombeza. Aliniambia tu, "Baba Neema, uza."

Sasa nilieleze gari lenyewe, maana nililipenda. Ni Eunos Roadster, lile ambalo nje ya Japani linaitwa Mazda MX-5. Lilianza kutengenezwa 1989. Langu ni la 1991, namba B. Injini 1600, uzito haufiki tani moja, paa la turubai unalikunja kwa mkono mmoja, na taa za mbele zinachomoza kutoka kwenye boneti kama macho ya chura. Likitoka kiwandani ni gari la adabu kabisa. Mimi ndiye niliyeliharibia malezi.

Nilitoa rimu za inchi 14 nikaweka 17, na tairi nyembamba kama mkanda wa suruali. Nikatoa shokapu zake nikaweka za kushusha gari, likashuka mpaka paka wa jirani akaacha kulala chini yake. Nikaweka ekzosi ya bomba nene. Nikiwasha asubuhi, mtaa mzima unajua nimeamka. Halafu nikamalizia na kitu nilichojivunia kuliko vyote: usukani wa kuchomoa, kama wa magari ya mashindano. Unavuta ringi iliyo nyuma yake, unatoka, unaingia nao ndani. Mwizi aje aendeshe kwa meno. Vile vya orijino, usukani ukiwemo, nilivipeleka Gerezani nikaviuza kwa bei ya kutupa. Nilihesabu: mapambo yale yalinimalizia karibu milioni nne.

Dalali alipokuja alilizunguka mara mbili, akauliza, "Vitu vyake orijino viko wapi, mkuu?"

"Niliuza."

Akanisikitikia kama mtu anayetoa pole. "Sawa. Sema yako ngapi, ikizidi ni yangu."

Nikasema 14. Akaniapisha nisimtajie mteja bei, hata nikichomwa moto. Yeye akaenda kutangaza 17, kwa maneno yale yale wanayotumia kwa gari lolote: gari la mkononi kwa mtu, halina shida yoyote, unaingiza ufunguo unakwenda Mwanza. Mwanza! Mimi nalo Kibaha sijafika.

Mteja alikuwa mzee mstaafu mwenye kofia ya pama, mpole, anayetabasamu kwa macho. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akasema tangu ujana wake alitamani gari la kufungua paa. Nikajiuliza kimoyomoyo: huyu anataka kutumia kiinua mgongo kununua gari la kukunja mgongo? Lakini biashara ni biashara. Alikuja na fundi wake. Fundi hakusema kitu. Aliinama, akachungulia chini ya gari, akainuka akitikisa kichwa taratibu. Namwogopa fundi wa namna hiyo kuliko yule anayepiga kelele.

Tatizo likaja kwenye kulijaribu. Tuko wanne, viti viwili. Mzee lazima aendeshe. Mimi lazima nikae naye, maana usukani ule una ujanja wake. Dalali naye hakubali tuondoke wawili, anajua tutamzunguka. Akaita bodaboda, akapanda yeye na fundi, mshikaki, wakawa wanatufuata ubavuni dirisha kwa dirisha, dalali ametega sikio kama daktari.

Tukashika njia ya Segerea. Mzee akakanyaga mafuta, ekzosi ikanguruma, kofia ya pama ikapeperuka nyuma, akacheka kama mtoto. Nikaona biashara imeiva.

"Bei ya mwisho ngapi?" akapaza sauti.

"Ongea na dalali, mzee wangu!"

"Sikusikii!"

"Na dalali!"

"Ngapi?"

Nilimtazama dalali. Midomo yake ilikuwa inacheza lakini kelele za ekzosi zilimeza kila kitu. Nikasema moyoni, kama mimi simsikii yeye, yeye atanisikiaje mimi? Nikavuta pumzi, nikamwinamia mzee sikioni.

Sikuliona tuta.

Gari lilipanda kwa mbele, likakaa kwa tumbo, magurudumu ya nyuma yakapiga makelele, injini ikazima. Kukawa kimya. Katika kimya kile, barabara nzima, kuanzia genge la nyanya mpaka kijiwe cha kahawa, ikanisikia nikipiga ukelele:

"KUMI NA NNEEE!"

Bodaboda ikafunga breki. Mzee akageuka polepole. "Mbona huyu mwenzako kaniambia kumi na saba?"

Dalali hakunijibu wala hakumjibu. Aliniangalia kwa uchungu wa mtu aliyeona milioni tatu zikikata roho mbele yake.

Mzee akataka kutoka. Kutoka kwenye gari lile ni kama kutoka kisimani, unahitaji cha kushika. Akashika usukani kwa nyuma, penye ringi, akajivuta. Paa! Akadondokea nje kwa makalio, katikati ya barabara, usukani mikononi. Nikaruka kumwinua, samahani mzee, samahani. Muuza nyanya akaja mbio, akatazama mzee, akatazama usukani, akauliza: "Jamani, mmepona wangapi?"

"Ni wa kuchomoa!" nikajitetea. Hakuna aliyenielewa. Fundi, kwa mara ya kwanza siku ile, akacheka. Akajaribu kuwasha taa ili watu wa nyuma watuone. Moja ikachomoza, nyingine ikagoma, gari likabaki linamkonyeza muuza nyanya.

Tulisukumwa na vijana wanane, buku mbili kila mmoja. Mzee, Mungu ambariki, hakukasirika. Alijikung'uta akasema bado anaitaka, kwa sharti: nilipe gharama ya kuliinua, nirudishe shokapu zake na usukani wake orijino, yeye atoe 11. Nikakubali pale pale, kabla hajakumbuka kofia.

Kesho yake asubuhi nikapanda daladala, nikapigwa na foleni ya Buguruni mpaka suruali ikakauka na kulowa tena, nikafika Gerezani kwenye duka lile lile. Shokapu zilikuwepo, nikazinunua mara tatu ya nilivyoziuza. Nikaulizia usukani.

"Umechelewa, bosi. Kuna mtu kauchukua sasa hivi, kaondoka na bodaboda."

Simu ikaita mfukoni. Dalali.

"Mkuu, za asubuhi? Nasikia unatafuta usukani wa Eunos. Upo, wa mkononi kabisa. Wewe tu sema unayo ngapi."