The Downward Spiral: Isikilizeni Yote Kwanza, Kisha Mseme

Mjomba wangu anachomelea mageti. Karakana yake ina grenda mbili, kompresa kuukuu, na mashine ya kuchomelea inayonguruma hata ikiwa imewekwa tu. Mwezi uliopita, saa ya chakula cha mchana, nilimvalisha hedifoni nikamwekea "Reptile", wimbo wa kumi na mbili wa albamu ya The Downward Spiral, bila kumwambia ni nini. Alisikiliza huku ameinamisha kichwa upande mmoja, vilevile anavyosikiliza injini ya gari la mtu. Baada ya kama dakika mbili akasema, "Mjomba, hiki ni kiwanda. Kuna kitu hapa kinapanda na kushuka, kina hewa ndani yake. Kimetengenezwa na mtu anayezijua mashine."

Kati ya wote niliowahi kuwasikilizisha albamu hii, yeye ndiye wa kwanza ambaye hakuanza kwa kusema "hizi ni kelele". Nimeipenda kazi hii tangu nikiwa na miaka 17, na nimechoka kusikia ikihukumiwa kwa wimbo mmoja uliookotwa barabarani. Wanaoichukia wamesikia wimbo mmoja. Wengi wanaoipenda, pia, wamesikia wimbo mmoja. Hilo ndilo lililonikalisha kuandika.

Kwa ambao hawaijui: ilitoka tarehe 8 Machi 1994. Bendi inaitwa Nine Inch Nails, lakini studioni bendi hiyo kwa sehemu kubwa ni mtu mmoja, Trent Reznor, mtoto wa mji mdogo wa Mercer huko Pennsylvania, aliyelelewa na bibi na babu yake na kufundishwa piano tangu utotoni. Alipohamia Cleveland alifanya kazi ya usafi na usaidizi kwenye studio, na mwenye studio akamruhusu kurekodi nyimbo zake saa ambazo hakuna mteja. The Downward Spiral aliitengeneza pamoja na prodyuza Mwingereza anayejulikana kama Flood. Ina nyimbo 14, dakika 65. Ilipotoka iliingia nafasi ya pili kwenye chati za Marekani, kwa sababu bendi ya Soundgarden walitoa albamu yao ya Superunknown siku hiyohiyo wakachukua ya kwanza. Baadaye ilithibitishwa platinamu mara nne nchini humo, yaani nakala milioni nne zilizopelekwa sokoni. Si kitu kidogo kwa albamu inayofungua kwa sauti ya mtu akipigwa.

Ndiyo, hivyo ndivyo inavyoanza. Sauti hiyo imetolewa kwenye filamu ya THX 1138: pigo moja, kimya kidogo, pigo, pigo, kisha mapigo yanakaribiana mpaka yanashikana, na hapo ndipo wimbo wa kwanza unalipuka. Sasa mtu akikuwekea sekunde thelathini za hapo na kukuuliza unaonaje, utasema nini zaidi ya kwamba ni kelele? Lakini subiri mwisho wa wimbo huohuo. Mlio unakwama kama mkanda ulioshikwa na meno ya mashine, unazunguka palepale, unazidi kukera, halafu unakatwa kwa kisu. Kinachofuata ni "Piggy", mdundo mzito wa polepole na sauti ya mtu anayenong'ona karibu kabisa na sikio lako. Usingeusikia mnong'ono ule vile unavyousikia kama masikio yako yasingekuwa yametoka kupigwa.

Albamu nzima imejengwa kwa kanuni hiyo. Chukua "March of the Pigs". Jaribu kuupiga makofi utaona unapotea. Hesabu mwenyewe: saba, saba, saba, nane. Mguu unakanyaga pale ambapo sakafu haipo. Wimbo unakimbia hivyo kama ng'ombe aliyekatika kamba, ghafla unasimama, na piano inapiga sauti chache tamu kama wimbo wa kumbembelezea mtoto, na mwimbaji anamuuliza msikilizaji kama sasa anajisikia nafuu. Mimi mara ya kwanza nilitishika pale kwenye utamu kuliko kwenye mbio.

Tuje kwenye wimbo ulioharibu mjadala, "Closer". Ni wa tano. Ndio uliopigwa kwenye madisko, ndio wenye kiitikio ambacho redio zililazimika kukikatakata, na wengi wanaamini ni wimbo wa kitandani basi. Vijana wanaucheza. Lakini nawaomba wanaoucheza wafanye jambo moja: wasiondoke kabla haujaisha. Pale mwishoni ala zote zimerundikana, kisha zinaondolewa, inabaki piano moja ikipiga sauti chache zinazoshuka. Ikaririni tuni hiyo. Endeleeni mpaka wimbo wa kumi na tatu, ule uliobeba jina la albamu, ambamo msimulizi anafika mwisho wa kuteremka kwake na kujaribu kujiua. Tuni ni ileile, sasa iko kwenye gitaa. Yaani mbegu ya msiba ilishapandwa ndani ya wimbo wa dansi, na mcheza dansi amepita juu yake bila kujua. Nilipoligundua hilo nilikuwa kwenye daladala, nikarudi nyuma kusikiliza mara tatu mfululizo, nikapitwa na kituo changu.

Ndiyo maana nasema anayeujua "Closer" peke yake hajaujua "Closer".

Kosa hilohilo lilifanyika upande wa pili, kwa wanaoshutumu. Mwaka 1995 huko Marekani William Bennett, aliyewahi kuwa waziri wa elimu, na mwanaharakati C. DeLores Tucker waliibana kampuni ya Time Warner kwa sababu ya muziki iliokuwa ikiufaidi kupitia lebo ya Interscope, na miongoni mwa mifano waliyoinyooshea kidole ni "Big Man with a Gun". Mwaka huohuo Time Warner iliuza hisa zake za Interscope. Mimi siutetei wimbo huo kama kazi ya sanaa. Naona ndio dhaifu kuliko zote 14, mfupi, unapiga kelele bila kuongeza kitu. Lakini mahali ulipowekwa panasema wazi unamzungumzia nani. Ni wa tisa, na hapo msimulizi ameshapoteza imani, ameshapoteza mapenzi, ameshaanza kugeuka mashine, na kilichomsalia ni kujidai kwa bunduki. Mwanamume wa aina hiyo anachorwa ili tumwone alivyo mtupu. Na mara tu anapomaliza kubwata inaingia "A Warm Place", muziki mtupu usioimbwa, mtulivu kama maji ya alfajiri. Walioukata ule wa tisa na kuusoma mbele ya watu hawakufika huku.

Hata hivyo sitawabeza wanaoogopa. Nina rafiki aliyefiwa na mama yake akiwa mwaka wa pili chuoni. Kwa miezi alikuwa akilala na albamu hii masikioni. Dada yake mkubwa alipojua inahusu nini, aliichukua simu yake na kuifuta yote, akalia mbele yake. Rafiki yangu hadi leo anasema, "Ilinishika mkono. Nilikuwa nadhani ni mimi peke yangu ninayesikia hivi ndani." Dada yake hadi leo anasema angekuwa mjinga kuiacha. Nimekaa nao wote wawili na siwezi kusema nani kakosea. Muziki huu haumdanganyi mtu kwamba kesho jua litachomoza. Unakaa naye chini palepale alipo, na hiyo ni rehema kwa mmoja na hatari kwa mwingine, wakati mwingine kwa mtu yuleyule katika usiku tofauti. Kama uko kwenye giza lako mwenyewe, nakusihi, usiisikilize peke yako usiku. Mpigie mtu simu kwanza. Albamu itakusubiri.

Kuna lawama moja ambayo naikubali moja kwa moja, nayo haihusu sauti hata kidogo. Reznor alipanga nyumba ya 10050 Cielo Drive huko Los Angeles na kurekodi humo. Ndiyo nyumba ambamo wafuasi wa Charles Manson, kiongozi wa genge, walimuua mwigizaji Sharon Tate, akiwa mjamzito, pamoja na wengine wanne, Agosti 1969. Wauaji waliandika neno "pig" mlangoni kwa damu, na Reznor akaiita studio yake Le Pig. Hapana. Kuna familia zilizozika watu wao. Yeye mwenyewe alisimulia kwenye mahojiano miaka michache baadaye kwamba alikutana na mdogo wake Sharon, ambaye alimuuliza kama alikuwa anajinufaisha kwa kifo cha dada yake, na hapo ndipo alipomwona Sharon kama dada wa mtu, si kisa cha kusisimua. Alisema alirudi nyumbani akalia. Namheshimu kwa kulisema hilo hadharani, lakini ukweli haubadiliki kwamba alipaswa kuliwaza kabla. Wasikilizaji wanaosema "lakini mazingira yale yaliupa muziki roho yake" wananiudhi. Roho ya muziki huu iko kwenye mikono na masikio ya aliyeutengeneza, na angeweza kuurekodi kwenye stoo ya mahindi ukatoka na giza lilelile.

Na hilo la mikono lina uzito kwangu. Watu wakisikia roki ya viwandani, au "industrial", ambayo ndiyo aina ya muziki wa albamu hii, hudhani kompyuta imejifanyia kila kitu. Jina lenyewe lilianzia Uingereza, kwa kundi la Throbbing Gristle waliofungua lebo yao ya Industrial Records mwaka 1976. Huko Berlin, Einstürzende Neubauten walipanda jukwaani na mabati, nyundo na drili. Reznor alichofanya ni kuchukua lugha hiyo ngumu na kuitilia nyimbo ambazo mtu anaweza kuziimba akiwa anaoga. Mdundo wa "Closer" umeanzia kwenye ngoma ya wimbo wa Iggy Pop, ikabadilishwa. Mpiga gitaa Adrian Belew alialikwa akapiga gitaa linaloungua kama waya wa umeme. Ngoma zile za mwisho wa "Piggy", zinazoyumba kama mlevi juu ya wimbo uliotulia, amezipiga Reznor mwenyewe kwa mikono. Ni vyuma vilivyoungwa na fundi. Mjomba wangu alilisikia hilo ndani ya dakika mbili, wakati wachambuzi wengine wana miaka 30 hawajalisikia. Na kwa wanaodhani sauti hizi hazituhusu huku kwetu, watafuteni Duma, vijana wawili wa Nairobi waliotoa albamu yao mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Wasikilize, kisha tuongee.

Umebaki wimbo wa mwisho, "Hurt", ambao siku hizi wengi wanaujua kwa sauti ya Johnny Cash, mwimbaji mkongwe wa kantri. Cash aliuimba mwaka 2002 akiwa na miaka 70, mgonjwa, na aliiaga dunia Septemba 2003. Video yake iliongozwa na Mark Romanek, mtu yuleyule aliyeongoza video ya "Closer". Reznor amesema alipoiona alihisi wimbo ule si wake tena, na tangu hapo kauli hiyo inatumiwa kama rungu: mwenyewe amekubali, kwa hiyo wa Cash ndio bora, funga mjadala.

Sikubali kuufunga. Cash anaimba kama mzee anayegeuka nyuma kutazama shamba lote la maisha yake, na kila nikiusikia nanyamaza. Lakini wimbo wake umesimama peke yake. Wa Reznor una nyimbo kumi na tatu mgongoni. Unaanza na upepo unaokwaruza, gitaa ambalo halitaki kukaa kwenye tuni, na sauti ya mtu wa miaka ishirini na kitu ambaye umetoka kumsikia akijaribu kujimaliza. Je, ni maiti inayosema, au ni mtu aliyezinduka? Rafiki yangu yule aliyefiwa anaamini ni mtu aliyekwisha kufa. Mimi naamini yu hai, na ushahidi wangu ni neno la mwisho. Baada ya dakika zaidi ya sitini za kuvunja kila kitu, anawaza kama angepewa nafasi ya kuanza upya mbali na hapo, na neno analomalizia, la mwisho kabisa kuimbwa kwenye albamu yote, ni "njia". Kwamba angeipata. Hakuna mtu aliyekwisha kufa anayetafuta njia. Na Reznor mwenyewe, aliyekuja kuteremka kwenye pombe na dawa za kulevya karibu kama msimulizi wake, aliingia matibabuni mwaka 2001 akatoka akiwa hai. Miaka kumi baadaye alishika tuzo ya Oscar pamoja na mtunzi mwenzake Atticus Ross kwa muziki wa filamu ya The Social Network.

Wiki iliyopita nilirudi karakanani. Mjomba aliniambia anataka kuisikiliza ile ya kiwanda tangu mwanzo, siyo kipande. Tulisubiri umeme ukatike, maana hapo ndipo mtaa wetu unapotulia. Alikaa kwenye kigoda, miwani ya kuchomelea kaipandisha kipajini, akasikiliza saa nzima. Alipofika "Hurt" alifumba macho. Neno la mwisho likaimbwa, gitaa likapasuka kwa ile sauti moja kubwa ya kuvunjika, kisha ukabaki mvumo tu, mrefu, unaofifia polepole. Nikanyoosha mkono nichukue simu yangu.

Akaniinulia kidole, macho yakiwa bado yamefumbwa. "Bado," akasema.