Mkate, siagi na chipsi, basi

Nilipowaambia wa nyumbani kuwa nimekula mkate uliotiwa chipsi, mdogo wangu alinitumia sauti kwenye WhatsApp: "Dada, yaani hata kuku umekosa?" Nilimwelewa. Kwetu chipsi lazima ziwe na mwenzake: chipsi kuku, chipsi mishikaki, chipsi mayai. Ukizipachika peke yake katikati ya mkate, mtu anaona umeishiwa.

Waingereza wanakiita chip butty, na hilo "butty" limetoka kwenye butter, siagi. Jina limeshasema kila kitu. Mimi nilidhani utamu utakuwa kwenye chipsi, kumbe siagi ndiyo inayobeba mkate mzima.

Nilikula Sheffield, mji wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, jioni ya Februari, baridi inapenya mpaka kwenye mifupa. Kwanza niliuliza wanakaangia nini, maana Yorkshire maduka mengi bado yanakaangia mafuta ya ng'ombe, na sisi Waislamu tunataka kujua ng'ombe kachinjwaje. Maduka mawili nilitoka bila kununua. La tatu walitumia mafuta ya mimea.

Mama muuzaji alipasua mkate wa duara. Sheffield wanauita breadcake, Manchester barm, Nottingham cob, na kila mji unashikilia jina lake. Akapaka siagi pande zote mbili, hadi ukingoni, hakufanya ubahili. Chipsi zilitoka kwenye karai zikifuka mvuke, nene kama kidole, laini ndani. "Chumvi na siki, mpenzi?" Huku kila mteja ni mpenzi. Siki yao ni ya shayiri, rangi ya chai ya mkandaa. Juu akanitilia Henderson's Relish, sosi nyeusi nyepesi ambayo watu wa Sheffield wanaitengeneza wenyewe tangu karne ya 19.

Nikaubana mkate kwa viganja. Siagi ikayeyuka, ikakutana na siki, ikanichuruzika mpaka kwenye kifundo cha mkono. Ule uchachu unaingia palepale mafuta yanapotaka kukukinaisha, na mkate unanyonya vyote viwili. Nilikula nimesimama kwenye kituo cha basi, basi langu likapita.

Najua mtakachosema: wanga juu ya wanga. Ni kweli. Lakini sisi watu wa Unguja tunakula urojo wenye viazi, kachori ya viazi, bajia na chipsi za muhogo ndani ya bakuli moja, na hakuna anayetuuliza. Kwa nini maskini wa Uingereza aonekane hajui kula?

Maana hiki ni chakula cha watu wa kazi. Maduka ya samaki na chipsi yalianza miaka ya 1860, London na Lancashire, yakaenea kwenye miji ya viwanda. Asiye na pesa ya samaki alinunua chipsi, na mkate ulikuwepo nyumbani. Hata Vita vya Pili vya Dunia vilipoleta kadi za mgao, samaki na chipsi havikuwekwa kwenye mgao. Uwanjani Bramall Lane mashabiki wa Sheffield United wanautaja mkate huu katika wimbo wao mpaka leo. Chakula kinachoimbwa na maelfu ya watu kina heshima yake, na mimi nakipa. Ndiyo maana nakasirika nikikiona kimerembwa kwa jibini na majani, bei mara tatu.

Likizo iliyopita niliwapikia nyumbani. Niliwakataza majarini, maana tumezoea kuyaita siagi na ladha yake ni nyingine kabisa. Nilinunua siagi yenyewe ya maziwa. Boflo, mkate wetu wa Unguja, lilikuwa la asubuhi, bado laini. Siki ya shayiri sikuipata, nikakamulia ndimu. Ladha si ileile, ila ndimu nayo inakata mafuta vizuri sana. Mdogo wangu akaongeza pilipili ya embe, na sikumzuia.