Jua la Jumamosi na kunguru mwenye mdomo uliovimba

Ukikabidhiwa rundo la insha za kidato cha pili, huna haja ya kukisia zitaanzaje. "Ilikuwa siku ya Jumamosi asubuhi, jua lilichomoza kutoka mashariki, ndege wakiimba nyimbo zao nzuri." Nasahihisha Kiswahili hapa Mtwara, na jua hilo limenichomozea hata saa tano usiku, umeme umekatika, nasoma kwa tochi ya simu. Safari moja nilihesabu. Zaidi ya nusu ya darasa walikuwa na ndege.

Basi nikakutana na kisa cha Profesa Scott Rice wa San Jose State University, California. Alipokuwa mwanafunzi wa shahada ya juu alitakiwa aandike kuhusu mwandishi wa daraja la chini wa karne ya 19, akamchagua Edward Bulwer-Lytton. Huyu ni Mwingereza aliyefungua riwaya yake ya mwaka 1830, Paul Clifford, kwa usiku wa giza na dhoruba. Hakuishia hapo: sentensi ileile akaiburuza mpaka mvua, upepo, mapaa ya London na ndimi za taa vyote vikajazana ndani kama abiria wa daladala.

Mwaka 1982 Rice, sasa mwalimu, akaanzisha shindano lenye jina la mzee huyo. Sharti: tunga sentensi ya kwanza ya riwaya mbovu kuliko zote duniani. Riwaya yenyewe usiiandike, Mungu apishe mbali. Mwaka wa kwanza lilikuwa la pale chuoni tu, zikapatikana sentensi tatu. Mwaka uliofuata likafunguliwa kwa kila mtu, zikamiminika kama 10,000. Lilidumu hadi 2025, Rice alipolifunga kwa sababu ya uzee. Na mwaka 2008 kitukuu wa mbali wa Bulwer-Lytton alisafiri hadi mji wa Lytton, Kanada, kujibizana na Rice hadharani ili kumtetea babu yake. Ana haki yake: Bulwer-Lytton huyohuyo ndiye aliyeandika, katika tamthilia ya 1839, kwamba kalamu ina nguvu kuliko upanga, na sisi tumeufanyia midahalo usemi huo tangu shule ya msingi bila kujua umetoka kwa nani.

Mimi nasema shindano la namna hii tulilete kwetu, shule kwa shule, Mtwara na Lindi. Nilipolitaja ofisini, mwenzangu mmoja aliweka kikombe cha chai mezani. "Mwalimu, kuandika vizuri hawajui, wewe unataka tuwafundishe kuandika vibaya?" Hoja yake naielewa, ila siikubali. Anayeharibu kwa makusudi lazima ajue utamu ulipo, kama anayeigiza mlevi bila kuanguka. Tena watoto hawa wamelelewa na "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea". Kilichowakausha ni sisi na kalamu zetu nyekundu.

Nikajaribu darasani, kipindi cha mwisho Ijumaa. Binti mmoja wa Mikindani akasimama kusoma: "Ilikuwa siku ya Jumamosi, jua lilichomoza kutoka mashariki kwa kuwa magharibi halina ndugu, ndege wote wakaimba nyimbo nzuri isipokuwa kunguru mmoja, aliyeiba korosho ya bibi kabla haijabanguliwa, na sasa mdomo umemvimba kama bibo."

Darasa lilipiga meza. Hapa hakuna asiyejua mafuta ya ganda la korosho yanavyounguza. Lakini mimi nilishtushwa na jambo lingine: miaka yote hiyo, katika shule iliyozungukwa na mikorosho, ile ilikuwa korosho ya kwanza kuiona ndani ya insha, na imekuja siku nilipoomba uchafu.

Mtihani wa muhula ulipofika, nikaitafuta karatasi yake kwa hamu. Jumamosi asubuhi, jua, mashariki, ndege wanaimba. Nilimwita nikamuuliza kunguru wake kaenda wapi.

"Mwalimu," akanijibu, "ndege ndio wana maksi."