Sindano zenye kinga au mafunzo: fedha zianzie wapi?

Mhudumu wa afya akijichoma sindano iliyotoka kwa mgonjwa, hatari hutegemea kirusi. Kwa VVU, wanaoambukizwa ni kama 3 katika kila majeraha 1,000. Homa ya ini C ilikadiriwa kuwa karibu 2 katika 100, ingawa tafiti za baadaye zimeishusha sana. Homa ya ini B ndiyo kubwa lao: kwa asiye na kinga, 6 hadi 30 katika 100.

Ajabu ni kwamba mjadala wa wapi fedha ziende huzipita tarakimu hizi. Wapo wanaotaka zinunuliwe sindano zenye kinga, ambazo ncha hufunikwa au hurudi ndani baada ya matumizi. Wapo wanaosema zitumike kwa mafunzo, maana anayefuata taratibu hachomwi.

Hoja ya mafunzo ina ukweli wake. Kurudishia sindano kifuniko ni tabia hatari na inaweza kukomeshwa. Lakini uliza kwa nini watu hurudishia: mara nyingi ni kwa sababu boksi la kutupia liko mwisho wa chumba, na kuvuka wodi na ncha wazi kunatisha zaidi. Mafunzo hayasogezi boksi. Wala hayamsaidii mfanya usafi anayechomwa na sindano iliyofichwa kwenye mfuko wa taka. Yeye hakukosea utaratibu wowote.

Sindano zenye kinga zina sheria nyuma yake: Marekani ilipitisha yake mwaka 2000, na Umoja wa Ulaya ukatoa agizo mwaka 2010. Hata hivyo si zote zinafanana. Zipo zinazojifunga zenyewe, na zipo zinazosubiri kidole kisukume kifuniko. Hizi za pili hutupwa mara nyingi zikiwa hazijafungwa, hasa pale mgonjwa anapotapatapa na mkono mmoja umeshika pamba. Zile za springi zinaweza kurusha matone ya damu zinapofyatuka. Baadhi ni kubwa kuliko za kawaida, hivyo boksi hujaa mapema, na boksi lililopita robo tatu lenyewe huchoma watu. Kosa jingine ni la manunuzi: sindano ambayo bomba lake hujifunga isitumike mara ya pili humlinda mgonjwa anayefuata, lakini ncha yake hubaki wazi kwa mhudumu. Mnunuzi asiyejua tofauti hiyo hudhani amemaliza kazi.

Kwa maoni yetu, chanjo ya homa ya ini B ndiyo ya kwanza, kwa wafanya usafi na wanafunzi pia: dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu mwezi wa sita. Mwezi mmoja hadi miwili baadaye damu hupimwa kama kinga imefika miliuniti 10 kwa mililita (miliuniti ni sehemu moja ya elfu ya uniti), kwani wapo wasiojenga kinga. Halafu boksi gumu mahali mkono unapofika bila kupiga hatua. Sindano zenye kinga zifuate, zikianzia kwenye kutoa damu na kuweka kanula (mrija mwembamba unaoachwa ndani ya mshipa): sindano yenye tundu iliyokuwa ndani ya mshipa hubeba damu nyingi kuliko ya kuchoma msuli. Chumba cha upasuaji kina mahitaji yake: sindano butu za kushonea misuli, glavu mbili, na sinia ya kuwekea kisu badala ya kupokezana mkono kwa mkono.

Hata hayo yote yakiwepo, kuna atakayechomwa. Aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, asilikamue wala kulimwagia dawa ya madoa. Damu ikiingia jichoni, asuuze kwa maji mengi. Kisha atoe taarifa papo hapo. Dawa za kuzuia VVU humezwa siku 28 na hufaa zaidi zikianza ndani ya saa chache. Baada ya saa 72 hazipendekezwi. Homa ya ini C haina dawa ya namna hiyo, hivyo mhusika hufuatiliwa kwa vipimo na kutibiwa akiambukizwa. Kambi zote mbili husahau usiku: dawa za kuzuia VVU hufungiwa kabatini, na ufunguo huondoka na mtu wa zamu ya mchana. Dozi ya kuanzia ikae wodini.