Sehemu ya kujaza kwenye skrini: nani aipange, kompyuta kuu au kifaa?

Kila ofisi inayotaka kuachana na skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani huingia kwenye ubishi uleule. Waliokulia kwenye kompyuta kuu, ile mashine kubwa moja inayohudumia ofisi nyingi, wanataka kila sehemu ya kujaza ipangwe na programu iliyoko makao makuu: upana wake, rangi yake, kinachoruhusiwa kuandikwa ndani yake. Terminali, yaani skrini na kibodi iliyounganishwa na kompyuta hiyo, itii tu. Waliokulia kwenye simu na kivinjari wanajibu kwamba kifaa ndicho kinachomjua mtumiaji, basi kipange chenyewe. Hapa Dodoma, ambako ofisi za Serikali zimekuwa zikihamia tangu 2016 hadi Mtumba ikawa mji wa Serikali, jambo hili haliishii kwa mafundi wa kompyuta. Linamfikia mwananchi aliyesimama dirishani akiambiwa "mfumo umekataa".

Upande wa makao makuu una hoja nzito kuliko vijana wengi wanavyodhani. Kampuni ya kompyuta ya IBM ilipotoa terminali za 3270 mwaka 1971, laini za mawasiliano zilikuwa za taratibu sana na kila herufi iliyopita ilikuwa na gharama. Skrini iliyozoeleka ina mistari 24 ya herufi 80, yaani nafasi 1,920. Kila sehemu hutanguliwa na baiti moja ya sifa (baiti ni kipande cha data cha ukubwa wa herufi moja), ambayo nayo hukalia nafasi moja kwenye skrini na kuonekana kama pengo. Baiti hiyo husema kama sehemu imefungwa au inaandikika, kama ni ya herufi zote au ya tarakimu, kama ing'ae, iwe ya kawaida au isionekane kabisa, na kama mtumiaji ameibadilisha. Kitufe cha kutuma kikibonyezwa, kwa kawaida zinarudi zile sehemu zilizobadilishwa tu.

Sehemu ikifungwa na papo hapo ikapewa sifa ya tarakimu, kishale huiruka chenyewe na kutua kwenye sehemu inayofuata. Mtazame karani mzoefu akijaza hapo. Macho yake yako kwenye karatasi ya mteja, vidole vinakwenda, na hagusi kipanya hata mara moja. Fomu nyingi za kwenye kivinjari hazijamfikia kwa kasi, na anayemnyang'anya karani huyo skrini yake bila kumpa kitu cha kasi ileile anamwonea.

Lakini baiti ile moja imebebeshwa kazi ambazo hazikupaswa kukaa pamoja: kinachoonekana, kinachoruhusiwa na kinachotumwa. Hapo ndipo upande huu unapopwaya. Chukua sifa ya tarakimu. Kwenye 3270, kuzuia herufi zisiingie kwenye sehemu ya namba kulitegemea kama kibodi ina kufuli ya tarakimu, na kufuli hiyo ilikuwa nyongeza ambayo terminali nyingine hazikuwa nayo. Leo terminali halisi ni chache. Watu hutumia programu inayoiigiza ndani ya kompyuta ya kawaida, na kufuli hiyo inaweza kuzimwa kwenye mipangilio. Mwandishi wa programu aliyeamini kwamba terminali itamchujia herufi ameacha mlango wazi.

La sehemu isiyoonekana ni zito zaidi. Watu huitumia kwa neno la siri, na kwa kuandika hilo si tatizo. Tatizo ni programu inapoficha humo taarifa za kwake, kwa imani kwamba kisichoonekana hakipo. Kipo. Data yake imeshafika kwenye kifaa, na programu ya kuigiza terminali iliyochezewa itaionyesha, hata kuandika juu ya sehemu iliyofungwa na kuirudisha. Nasema bila kusita: sifa ya sehemu ni maelekezo ya kumsaidia mtumiaji mwema, haimzuii mwizi. Ukaguzi wa kweli ufanywe na programu kuu, kila data inaporudi, bila kujali ilitoka kwenye kifaa gani.

Je, vijana wako sahihi basi? Kwa mwonekano, ndiyo, karibu kabisa. Herufi 80 kwa mstari hazienei kwenye simu, na mtu mwenye uoni hafifu ana haki ya kukuza maandishi au kusomewa kwa sauti. Tokeni ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, ina tarakimu 20, na kuipanga nnenne ni kulisaidia jicho. Mtu akiiandika bila nafasi, au akiweka nafasi, mfumo unapaswa kuelewa vyote viwili.

Ila kifaa kisipewe mamlaka ya kusema data gani ni halali. Ona jina la kata ya Ng'hong'onha, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, ambalo watu huliandika kwa tahajia zaidi ya moja. Sehemu iliyoamriwa kupokea A hadi Z peke yake italikataa, kwa sababu ya ritifaa, ile alama ya ' iliyomo ndani yake. Simu nyingine hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na hiyo iliyopinda ikifika kwenye kompyuta kuu inaweza kugeuka alama isiyoeleweka. Mkazi yuleyule anajikuta na makazi matatu kwenye kumbukumbu. Kanuni ya jina iandikwe mahali pamoja, na iandikwe na mtu anayejua kwamba majina ya Kigogo yana ritifaa. Tarehe nayo hivyohivyo: 05/06 kwetu ni tarehe 5 Juni, na programu iliyotengenezwa Marekani huisoma Mei 6.

Kwenye printa narudi upande wa wazee moja kwa moja. Karatasi haikuzwi wala haikunjwi ikaenea. Fomu iliyochapwa mistari yake tangu kiwandani, yenye nakala tatu, inataka kila tarakimu idondoke mahali pake. Na hapa kuna mtego unaowapata wengi: printa za 3270 kwa kawaida hazichapi mstari usio na kitu. Mstari uliouacha wazi kwenye skrini unarukwa, kila kilicho chini kinapanda juu, na jumla ya malipo inachapwa kwenye nafasi ya tarehe. Dawa yake ni kuweka kwenye mstari huo sehemu yenye nafasi moja tupu, ambayo printa huihesabu kama herufi. Urefu wa mstari nao, uwe wa herufi 40, 64, 80 au 132, hutajwa na programu kwenye amri yake ya kuandika. Ukimwachia kila mwenye printa aamue, stakabadhi za ofisi mbili hazitafanana, na mkaguzi atauliza.

Kwa ofisi inayohama sasa, ningeanza na ukaguzi wa data ndani ya programu kuu, skrini za zamani zikiwa bado zinatumika, kisha ndiyo nijenge za kivinjari zenye uhuru wa mwonekano. Printa ningezigusa mwisho, fomu zilizokwisha kuchapwa zikishaisha stoo.